Eklisi au kuchomelea, kramponi au klipu? Ulinganisho kwa wenye laini za tawi Lubumbashi

Anayesimamia laini ya tawi Lubumbashi, yaani reli fupi inayotoka njia kuu kuingia kwa kampuni, iwe ya kinu cha unga, ghala la simenti, depo ya mafuta au kiwanda cha shaba, hufika siku ya kutia sahihi oda. Mezani kuna karatasi mbili. Ya kwanza ina eklisi (vipande vya chuma vya kuungia ncha za reli), buloni na kramponi (misumari minene ya kushikia reli). Ya pili ina kuchomelea, mataruma ya zege (mihimili ya kulazia reli) na klipu za springi, na jumla yake pale chini inatisha. Mkubwa anauliza ipi bora, na anataka jibu kabla ya saa sita.

Swali likiulizwa hivyo halijibiki. Kila karatasi imebeba maamuzi mawili: reli zitaunganishwaje ncha kwa ncha, na zitashikwaje zisitembee. Maana reli hutembea. Lokomotivu huivuta, breki huisukuma, mteremko huiburuta, na jua huirefusha. Anayebadilisha namna ya kuunganisha bila kugusa namna ya kushika anaweza kununua hatari kwa bei ya juu. Kwa hiyo nitalinganisha mambo hayo mawili kila moja kwa zamu yake, kisha niyakutanishe.

Mambo ya kupima kwanza

Joto na baridi vinatangulia. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi hushuka chini ya digrii 10. Mchana wa mwezi wa kumi, kabla mvua haijakolea, hewa hupita digrii 30. Reli iliyo juani huizidi hewa kwa digrii 15 hadi 20. Hesabu zangu zote hapa zinachukua reli inayotoka digrii 5 hadi 55. Chuma cha reli hurefuka milimita 0.0115 kwa kila mita kwa kila digrii moja, kwa hiyo reli ya mita 12 hucheza karibu milimita 7 kati ya alfajiri ya baridi na adhuhuri ya joto. Ni kidogo kwa macho. Zidisha kwa reli hamsini zilizopangana ndipo utaona.

Pili, mzigo. Kwenye laini ya tawi treni huenda polepole, lakini mabehewa ya shaba, simenti au asidi ni mazito, na lokomotivu ya kupanga mabehewa hufunga breki mahali palepale kila siku. Hapo reli husukumwa upande mmoja bila kurudishwa.

Tatu, taruma: la mti, la chuma au la zege? Nusu ya uamuzi wa kishikio imo humo. Klipu iliyotengenezwa kukaa kwenye zege haiingii kwenye mti bila bamba lake, na kramponi haiingii kwenye zege hata kidogo.

Nne, wizi. Mji wetu ni wa shaba na chuma, na kila kipande chenye uzito kina mnunuzi wa mitraye, yaani chuma chakavu. Kwa kila kifaa jiulize kinang'oka kwa chombo gani, na kwa muda gani.

Tano, mikono: nani atakitengeneza mwezi wa pili, mvua inanyesha, na kampuni iliyoweka imesharudi kwao? Sita, laini inaweza kufungwa kwa saa ngapi bila kiwanda kusimama? Bei ya kununua inaonekana kwenye oda. Bei ya kutunza imejificha ndani ya vigezo hivi.

SEHEMU YA KWANZA: KUUNGANISHA NCHA

Eklisi na buloni

*Inavyofanya kazi.* Vipande viwili vya chuma hubana ncha za reli kutoka pande zote mbili, vikishikwa na buloni 4 au 6. Mwingereza William Bridges Adams alipata hataza ya kifaa hiki mwaka 1847, na wazo lake bado ni lilelile. Eklisi nzuri hailali kwenye ubavu wa reli. Hujikaza chini ya kichwa na juu ya kitako. Nyuso hizo zikilika, hata ukaze buloni mpaka jasho likutoke, kiungio kitaendelea kucheza.

Kati ya reli na reli huachwa nafasi ya kurefuka. Reli ya mita 12 ikifungwa ikiwa na digrii 25, imebakiza digrii 30 kufika 55, basi nafasi yake ni milimita 4. Ikifungwa alfajiri ya mwezi wa saba ikiwa na digrii 8, nafasi ni milimita 6 na nusu. Kipimajoto huwekwa juu ya reli yenyewe. Joto la hewa halisaidii kitu. Ekipi nyingi hukadiria nafasi kwa jicho. Mnunuzi asikubali: vibao vya kupimia ni vya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kwenye oda yake.

*Inachodai.* Ufunguo, grisi na mtu anayepita. Buloni hukazwa upya baada ya treni za mwanzo. Vichwa vyake hupangwa kwa kupishana, kimoja ndani, kimoja nje, ili gurudumu likiacha njia lisikate zote kwa mpigo mmoja. Eklisi hufunguliwa, hufutwa kutu na kupakwa grisi. Kwetu huku wakati mzuri ni mwezi wa nne au wa tano, mvua zikiisha, kwa sababu baridi ikifika reli husinyaa na buloni ndizo zinazovutwa. Kisha mwezi wa tisa mtu apite tena kupima nafasi kabla ya joto.

Laini yenye reli za uzito tofauti, na matawi mengi ya zamani yako hivyo, inahitaji eklisi za mchanganyiko zilizotengenezwa kwa reli mbili hizo hasa. Eklisi ya kawaida iliyojazwa vipande vya bati ni ajali inayosubiri siku yake.

*Inapoharibika.* Simama kwenye kiungio kibovu mwisho wa mwezi wa pili. Kokoto zimepakwa tope la kijivu karibu nusu mita kila upande, kwa kuwa taruma la chini hupiga maji kila gurudumu linapopita. Eklisi inang'aa pale inaposugua reli, na chini ya buloni moja kuna mstari wa kutu nyekundu mbichi: hiyo inacheza. Pitisha kidole juu ya pengo. Ncha inayopokea gurudumu imepondeka, na kidole kinapanda kingazi kidogo. Ukifungua eklisi, usiangalie eklisi kwanza. Angalia matundu ya reli. Nyufa huanzia kwenye ukingo wa tundu na kwenda kwa mshazari, na mara nyingi eklisi huzificha mpaka kipande cha kichwa kinabanduka.

Hapa nina ugomvi na tabia moja iliyozagaa. Tundu la buloni linatobolewa kwa drili, kisha ukingo wake unalainishwa. Kulitoboa kwa moto wa gesi ni haraka, na mwenye gesi hakosekani, lakini moto hugeuza chuma cha pale pembeni kuwa kigumu na chepesi kupasuka. Vivyo hivyo kukata ncha ya reli. Katika mkataba andika kwa herufi kubwa: hakuna tundu la moto.

*Inamfaa nani.* Mwenye laini fupi, yenye kona kali, yenye treni chache, na mwenye mafundi wake mwenyewe. Pia mwenye laini itakayohamishwa. Faida kubwa ya eklisi ni kwamba reli ikivunjika saa mbili usiku, watu wanne wenye funguo wanaweza kuibadilisha bila kusubiri mtaalamu kutoka popote.

Kuchomelea kwa thermit

*Inavyofanya kazi.* Mjerumani Hans Goldschmidt alipata hataza ya njia hii mwaka 1895, na mwaka 1899 ilitumika kwenye reli za tramu mjini Essen. Unga wa alumini na oksidi ya chuma huwashwa ndani ya chungu. Alumini hunyang'anya oksijeni, na joto hupita digrii 2,000. Chuma kilichoyeyuka hushuka ndani ya kalibu iliyofungwa kuzunguka pengo la milimita 25 hivi. Mwako wenyewe huisha kwa sekunde. Maandalizi ndiyo kazi. Ncha hupangwa kwa rula ndefu zikiwa zimeinuliwa kidogo, kwa sababu kiungio kikipoa hushuka. Kalibu huzibwa kwa mchanga maalumu, reli hupashwa moto kwa gesi hadi iwe nyekundu, ndipo chungu huwashwa. Baadaye ziada hukatwa, reli hupoa, na kichwa husagwa.

*Inachodai.* Pakiti ya unga ni ya kiungio kimoja na lazima ilingane na umbo la reli na ugumu wa chuma chake. Pakiti yenye unyevu haifai. Unyevu kwenye kalibu au chungu huleta mapovu ndani ya chuma, na unaweza kurusha chuma cha moto usoni mwa fundi. Kwa hiyo kati ya mwezi wa 11 na wa tatu kazi hii hupangwa kwa kutazama mawingu, hema likiwa tayari. Stoo ya pakiti iwe kavu kweli, siyo kontena linalotoa jasho usiku kucha.

Inadai pia reli nzuri. Reli iliyotumika hukatwa ncha yote yenye matundu kabla ya kuchomelewa, basi kila reli itakuwa fupi kuliko ilivyokuwa. Wengi husahau kuhesabu upungufu huo wanapoagiza, halafu laini inakosa mita kadhaa mwishoni. Na fundi awe mwenye cheti cha kazi hiyo hasa. Fundi hodari wa kuchomelea mageti na matanki si fundi wa thermit.

*Inapoharibika.* Kiungio kibaya huvunjika alfajiri ya baridi, reli ikiwa imevutika. Kwa sababu hiyo hata laini iliyochomelewa yote inahitaji stooni jozi chache za eklisi za dharura, zenye kifuko katikati cha kupisha uvimbe wa kiungio, pamoja na vibano vyake. Upande wa pili ni joto. Reli iliyochomelewa kwa urefu haina pa kurefukia, kwa hiyo nguvu yote hubaki ndani yake. Chukua reli ya kilo 40 kwa mita: kila digrii moja juu ya joto ililofungwa nalo huongeza msukumo wa zaidi ya tani moja. Digrii 30 ni tani 37 hivi, kwa kila reli. Nguvu hiyo ikikosa mshiko na kokoto za kutosha, njia nzima hujipinda kando.

Msimamizi mmoja kijana alimwambia kantonye wake mzee, yaani mtunza njia, "Papa, tukichomelea zote si tutapumzika na mambo ya buloni?" Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: "Utapumzika wewe, mwanangu. Mimi mwezi wa kumi nitakuwa ninakimbizana na reli." Laini yao ilikuwa na mataruma ya mti yaliyochoka na kokoto zilizozama udongoni. Mzee alikuwa na haki.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo mkubwa wa kila siku, njia iliyonyooka, mataruma mazito, kokoto kamili, na uwezo wa kumwita fundi wa kweli. Pia mwenye laini iliyo chini ya umeme. Kwenye njia za umeme wa kilovolti 25 mkondo hurudi kupitia reli, na kila kiungio cha eklisi hudai waya wa shaba wa kukiruka. Waya wa shaba ulio wazi, Lubumbashi. Sina la kuongeza.

(Kuna pia kuchomelea kwa mashine ya umeme inayogongesha ncha mbili zilizoyeyuka. Kazi yake ni safi, ila mashine ni kubwa na hulipa pale tu viungio ni vingi. Kwa tawi la kilomita moja au mbili, iache.)

SEHEMU YA PILI: KUSHIKA RELI ISITEMBEE

Kramponi, pamoja na vizuizi

*Inavyofanya kazi.* Msumari mnene wa pembe nne unaogongwa kwenye taruma la mti, kichwa chake kikilalia kitako cha reli. Ncha yake bapa hukaa kwa kukata nyuzi za mti, isifuate nyuzi ikalipasua. Kwa miti yetu migumu ya miombo tundu hutobolewa kwanza.

Hesabu yake ieleweke vizuri: kramponi huzuia reli isitoke pembeni, lakini haiikandamizi. Gurudumu likipita, reli huinuka kidogo na kuinua kichwa cha kramponi nayo, kisha hubaki nafasi ndogo. Kuteleza mbele na nyuma hakuzuiwi na chochote. Ndiyo maana kramponi bila vizuizi ni nusu ya kazi. Kizuizi ni kipande cha chuma cha springi kinachogongwa chini ya kitako cha reli na kuegemea ubavu wa taruma. Njia inayopokea treni za pande zote mbili huwekewa vizuizi pande zote mbili za taruma, kwa kawaida taruma moja ndiyo, moja hapana. Kizuizi lazima kiguse mti. Kikisimama vidole viwili mbali na taruma, reli itatembea hivyo vidole viwili kwanza.

*Inachodai.* Nyundo ndefu, mtaimbo wa makucha, na mti mzima. Mti ndio tatizo: mchwa na maji ya mvua hula kutoka ndani, na tundu hupanuka. Kramponi iliyolegea haigongwi tena kwenye tundu lilelile. Tundu huzibwa kwa kigingi cha mti mgumu, mpya hugongwa pembeni.

*Inapoharibika.* Polepole na kwa uwazi. Unaona kichwa kimeinuka, unaona mkwaruzo mpya kwenye kitako cha reli, unaona mataruma yamekaa upande. Kwa wizi, kramponi si rahisi kung'oa ikiwa mti ni mzima, lakini kizuizi kinatoka kwa mapigo machache.

*Inamfaa nani.* Mwenye mataruma ya mti, mwendo mdogo, pesa kidogo za kuanzia na watu wa kutosha wa kupita njiani.

Tirfoni

*Inavyofanya kazi.* Skrubu nene, huzungushwa ndani ya mti kwa ufunguo mrefu au kwa mashine. Nyuzi zake hushika mti kwa urefu wote, kwa hiyo haing'oki kwa kuinuka kwa reli kama kramponi, na hukandamiza kitako au bamba lililo chini yake.

*Inachodai.* Tundu la kipimo sahihi na uvumilivu. Adui wa tirfoni ni fundi mwenye haraka anayeigonga kwa nyundo hadi robo tatu, kisha kuizungusha mara mbili ili ionekane imekazwa. Kwa nje huwezi kutofautisha. Ndani nyuzi za mti zimekatika zote, na baada ya mvua ya kwanza inatoka kwa mkono. Anayepokea kazi achague chache bila kutangaza na azifungue mbele ya mkandarasi.

*Inapoharibika.* Mtikisiko huilegeza, basi hukazwa kila mwaka. Kuikaza kupita kiasi nako huvunja nyuzi za mti. Tundu lililochoka huokolewa kwa kigingi kipya cha mti. Kuiiba kunataka ufunguo unaoingia kichwani mwake, jambo linalowapunguza wezi wa kubahatisha.

*Inamfaa nani.* Kona kwenye mataruma ya mti, na popote kramponi zinaonekana kuinuka mara kwa mara. Na jambo ambalo oda nyingi hazisemi: tirfoni inaweza kushika bamba, na juu ya bamba ikakaa klipu ya springi. Mwenye mataruma mazuri ya mti hana lazima ya kununua zege ili apate mshiko wa klipu.

Klipu za springi

*Inavyofanya kazi.* Chuma cha springi kilichopindwa hukandamiza kitako cha reli muda wote, hata reli inapotikisika. Aina mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Moja ni ya kugongwa ndani ya kishikio, iliyotokana na ubunifu wa Mnorwei Per Pande-Rolfsen wa miaka ya 1950, ndiyo maana duniani kote huitwa Pandrol. Nyingine hukazwa kwa buloni au tirfoni, kama zile za kampuni ya Vossloh ya Ujerumani. Klipu moja hukandamiza kwa nguvu ya karibu tani moja. Chini ya reli hukaa pedi ya raba au plastiki. Mkandamizo na msuguano wa pedi huzuia reli kuteleza, kwa hiyo vizuizi vya pekee havihitajiki.

*Inachodai.* Ulinganifu. Taruma la zege huja na vishikio vilivyokwisha kumwagiwa, kwa upana wa kitako kimoja tu. Taruma la reli ya UIC 54 (namba ni kilo kwa mita), yenye kitako cha milimita 140, halipokei reli ya UIC 60 yenye 150, wala reli nyembamba za zamani unazoziona zimelala nyuma ya depo. Kabla ya kuagiza pima kitako cha reli ulizonazo, na upime kadhaa. Pedi na vihami vya plastiki vyatakiwa stooni pia: klipu ikibaki na pedi ikaliwa, mkandamizo unapungua na zege huanza kusagika.

*Inapoharibika.* Ya kugongwa hailegei kwa mtikisiko, ila hutoka kwa nyundo ya kawaida kwa dakika moja. Mwizi anayejua kazi hufungua mita nyingi kabla mlinzi hajamaliza mzunguko wake. Ya buloni huchelewesha zaidi, lakini hudai kukazwa. Kwa matawi yaliyo nje ya ukuta, jambo hili pekee limebadilisha oda za watu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo mzito, mwenye uzio na walinzi, mwenye bajeti ya mataruma mapya, na kila anayekusudia kuchomelea kwa urefu.

Mataruma ya chuma yenye krapo (vibano vya kitako cha reli) na buloni sitayapa sehemu yake, ingawa yapo. Hayaliwi na mchwa na ni mepesi kubeba. Yakikaa karibu na asidi hulika, na treni ikiacha njia hupindika yasinyooshwe tena.

Maamuzi mawili yakikutana

Eklisi huvumilia mshiko hafifu. Kramponi chache zikilegea, nafasi za kurefuka bado zipo, na tatizo hujionyesha mapema: upande mmoja wa laini nafasi zimefunga kabisa, upande mwingine zimepanuka mpaka buloni zimepinda. Hapo reli imetembea, na dawa ni kuzirudisha na kuongeza vizuizi.

Kuchomelea hakuvumilii. Watu hupenda njia ya katikati: kuchomelea reli tatu za mita 12 kuwa moja ya mita 36, kisha eklisi. Viungio hupungua kwa theluthi mbili, na hilo ni zuri. Lakini mita 36 zikiachwa huru zingecheza karibu milimita 21, na matundu ya eklisi hayana nafasi hiyo. Kinachozuia zisicheze ni mshiko wa kila taruma. Njia ya katikati inafaa juu ya klipu, au juu ya tirfoni na vizuizi vya kutosha. Juu ya kramponi peke yake, hapana.

Pale sehemu iliyochomelewa inapokutana na sehemu ya eklisi, ongeza vizuizi kwenye reli kadhaa za upande wa eklisi. Msukumo wote hutokea hapo.

Kwa hali yako

Tawi fupi la mataruma ya mti ambayo bado ni mazima, treni chache kwa wiki: eklisi, kramponi na vizuizi kwenye mnyooko, tirfoni kwenye kona. Pesa iliyobaki inunue kokoto na mifereji ya maji. Laini yenye maji chini yake itashinda kishikio chochote.

Mzigo mzito wa kila siku, njia mpya, zege: chomelea mnyooko, weka klipu, baki na eklisi kwenye kona kali na kuzunguka sindano za kubadili njia. Funga reli zikiwa na joto la katikati ya kiwango chenu, siyo alfajiri ya mwezi wa saba, hata kama ndiyo wakati ekipi ina nafasi.

Laini inayopita getini ambapo malori huvuka: chomelea viungio vilivyo chini ya lami au zege hata kama laini nyingine yote ni ya eklisi. Buloni usiyoweza kuifikia ni buloni usiyoikaza.

Laini iliyo nje ya ukuta, bila mlinzi: tirfoni au klipu ya buloni zitakaa muda mrefu kuliko klipu ya kugongwa. Ukilazimika kutumia ya kugongwa, hesabu stoo ya kubadilishia tangu siku ya kwanza.

Laini ya muda, ya mradi utakaokwisha: eklisi na kramponi, na ununue mtaimbo wa makucha mzuri.

Na yeyote ambaye tawi lake linaungana na njia kuu ya SNCC, shirika la reli la taifa la Kongo, aanze na ofisi ya njia kabla ya kuomba bei kokote. Upana wa njia ni milimita 1,067, kama uliokuja na reli kutoka kusini kupitia Sakania mwaka 1910, lakini uzito wa reli pale kwenye sindano yenu, na aina ya eklisi wanayoikubali kwenye mpaka wa tawi, ndivyo vitakavyoamua mstari wa kwanza wa oda.